Kuitwa Ofisini

Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Juma hili tuzungumze habari za kazi, ile kazi mnayoamkia Jumatatu: shuleni, zahanati, halmashauri, mgodini Nyamongo, kwenye kambi za watalii za Robanda na Natta, kwenye maduka ya Sirari. Na katika kazi hiyo nachagua jambo moja ambalo ni nadra kulisikia mimbarani, nalo ni kiongozi kukaa na mtu wake, wawili tu, wakazungumza.

Wengi wenu mnaujua ule ujumbe mfupi unaoingia kwenye simu asubuhi: "Njoo ofisini saa nane." Hausemi kuna nini. Mwalimu aliyeupokea anaingia darasani, anaandika tarehe ubaoni, lakini mawazo hayapo. Anaipekua wiki nzima kichwani. Ni lile andalio la somo ambalo halijasainiwa? Kuna mzazi amekuja kulalamika? Nani kapeleka maneno? Anamwuliza mwenzake wa dawati la pili, naye hajui, na ikifika saa sita shule nzima imeshajua kwamba fulani ameitwa. Saa nane anabisha hodi akiwa amechoka kwa kujitetea moyoni. Kumbe mkuu alitaka tu kumwomba awaandae wanafunzi kwa mashindano ya UMITASHUMTA.

Ofisi ya bosi imekuwa mahali pa kushitakiwa. Mtu anaitwa akikosea, na asipokosea haitwi. Anaweza kufanya kazi miaka na miaka bila kukaa na kiongozi wake hata nusu saa, mpaka siku anapokabidhiwa barua ya kujieleza. Naliona hili kuwa jambo la roho kabla halijawa jambo la utawala, na ndiyo maana nimemleta Eliya.

Eliya tunayempenda ni yule wa Karmeli, moto unashuka na watu wanaanguka kifudifudi. Sura inayofuata hatuihubiri sana. Yezebeli ametuma vitisho, nabii amekimbia, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani mwendo wa siku moja, ameketi chini ya mretemu na anaomba afe. Ni kama mfanyakazi bora aliyepigiwa makofi Mei Mosi kukutwa mwezi Juni anaandika barua ya kuacha kazi. Nimewaona watu wa namna hiyo, na huenda hata ninyi mnao ofisini kwenu.

Mtazameni Mungu anavyomshughulikia mtumishi aliyefika hapo. Kwanza anamwacha alale. Malaika anamgusa, na pembeni ya kichwa chake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena, kwa sababu safari ni ndefu. Ndipo anakwenda siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko mazungumzo yanakoanza. Yanaanza kwa swali. Mwenye kujua yote anamwuliza Eliya anafanya nini pale, kisha ananyamaza asikie. Eliya anamwaga yote: bidii aliyoifanya, agano lililoachwa, manabii waliouawa, yeye kubaki peke yake, na sasa roho yake inatafutwa. Unapita upepo, linapita tetemeko, unapita moto, inakuja ile sauti ya utulivu. Na swali linaulizwa upya, lile lile. Eliya anajibu yale yale, karibu neno kwa neno.

Hapo ndipo sisi wenye vyeo tungesema, "Hayo umeshaeleza, tuendelee." Mungu anamsikiliza hadi mwisho mara ya pili.

Kisha Mungu naye anatoa ya kwake, na ni kazi kamili: nenda ukampake mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, ukampake Yehu awe mfalme wa Israeli, ukampake Elisha awe nabii mahali pako. Na hesabu ya Eliya inasahihishwa. Aliyedhani amebaki peke yake anaambiwa wako 7,000 ambao hawajampigia Baali goti. Hakemewi kwa kukosea hesabu, anapewa tu iliyo sahihi. Kila mmoja alikuwa na lake siku ile, na yote yaliwekwa pamoja, hata ule upweke wa Eliya ukapata jibu ndani ya agizo la kazi, maana Elisha ndiye aliyemfuata na kumhudumia baadaye. Lakini mpangilio ndio ninaotaka muushike. Kama zile kazi tatu zingetangulia, Eliya angeitikia kwa heshima na kurudi kujikunyata pangoni.

Sasa turudi kwetu. Watu wa Mara tunapenda vikao. Tuna mkutano wa kijiji, tuna ritongo ambamo mtu husimama akasema lake mbele ya ukoo, tuna wazee wa inchama ambao mashauri yao hayatoki nje. Mambo ya hadharani tunayaweza, na ya siri tunayaweza. Palipo pagumu kwetu ni katikati, watu wawili wanapozungumza bila umati kuwasikiliza na bila kufichana chochote. Ugumu huo una mizizi yake. Nyumbani kwa Mkurya mjukuu humtania babu yake apendavyo, lakini mwana hamzoei baba. Tukishaajiriwa tunamfanya bosi kuwa baba, hata kama tumemzidi umri. Na kwa baba huendi na shida yako mwenyewe, unamtanguliza mama, shangazi au mzee wa jirani.

Kazini mjumbe huyo anakuwa mhasibu, au dereva wa bosi, au mimi. Wako wanaonisubiri baada ya ibada: "Mchungaji, nisemee kwa mkuu wangu." Nasema, na nitaendelea kusema, kwa sababu mtu amebanwa. Lakini ombi likishapitia vinywa viwili vitatu linabadilika. Mtu aliyeomba ahamishwe zamu kwa sababu mtoto anaumwa, likifika juu anaonekana amekataa kazi.

Kuna wanaosema vikao vya watumishi vinatosha. Havitoshi. Mnaijua ajenda ya vikao vyetu: kufungua, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa, halafu mwisho kabisa mengineyo. Mambo ya mfanyakazi yamewekwa kwenye mengineyo. Yanafikiwa jua limeshazama, watu wanaangalia saa, na mwenyekiti anauliza kwa sauti ya mtu anayetaka jibu la hapana. Halafu nani atasimama mbele ya wenzake arobaini aseme ndoa yake ina matatizo, au kompyuta inamshinda, au anaogopa kupita njia ile usiku baada ya zamu?

Nchi yetu imelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ukakataza viongozi kuwa na majivuno na ubabe. Wakati huo nchi iliongozwa na mtoto wa Butiama, hapa hapa mkoani kwetu. Wafanyakazi waliikariri ibara ile na kuishika mikononi mbele ya mameneja wao. Naiheshimu sana historia hiyo. Ila baraza husemea wengi, na liko jambo la mtu mmoja ambalo wengi hawawezi kulibeba.

Kwa watumishi wa umma kulikuwa na ile taarifa ya siri. Mkuu aliandika juu yako, ikaenda juu, nawe hukuiona. Waraka wa Utumishi Na. 2 wa 2004 uliiondoa na kuleta OPRAS, mfumo wa wazi. Kiongozi na mtumishi wakubaliane malengo mwezi Julai, wakae tena katikati ya mwaka waone yamefikia wapi, wakae tena Juni, na wote wawili waweke sahihi. Wazo lilikuwa zuri kuliko tulivyolitendea. Sehemu nyingi fomu ilijazwa siku mtu anapofuatilia kupanda daraja, Julai na Juni kwa mkupuo mmoja, sahihi mbili juu ya mazungumzo ambayo hayakufanyika. Leo kuna PEPMIS, malengo yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na kumbukumbu zitatunzwa vizuri zaidi. Siupingi. Nasema tu kwamba kuulizana, kusikilizana na kukubaliana lazima kufanywe na watu wawili walioketi, kisha ndipo kompyuta ipewe cha kutunza.

Sheria nayo ina jambo la kutufundisha. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zinazofuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinasema mfanyakazi anayefikishwa kwenye kikao cha nidhamu aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Huyo ni mtu anayetuhumiwa. Ikiwa mtuhumiwa ana haki ya kujua anaitiwa nini siku mbili kabla, mtu asiye na kosa lolote ana haki zaidi.

Ninachopendekeza hakina gharama kubwa. Tafuteni kaunta buku moja, kila ukurasa upigwe mstari katikati, likae mahali ambapo wote wawili mnalifikia. Siku mbili tatu kabla ya kukaa, mfanyakazi anaandika yake upande mmoja na kiongozi anaandika yake upande wa pili. Tuseme ni muuguzi na mganga mfawidhi wa zahanati. Upande wa muuguzi pameandikwa: glavu zimebaki boksi moja. Zamu za usiku nimepangiwa nne mfululizo. Nyumba inavuja chumba cha mtoto. Naomba siku mbili za msiba. Upande wa mganga: rejesta ya kliniki ya mama na mtoto haijajazwa kwa wiki mbili. Kuna mama amelalamikia lugha uliyomjibu. Kuna mafunzo ya chanjo Mugumu, nataka uende wewe.

Tazameni kazi ambayo karatasi imeshaifanya kabla hawajakutana. Mganga akiziona zile zamu nne, anaelewa rejesta ilikwama wapi na ile lugha kali ilitoka wapi. Haina maana kwamba yule mama hakukosewa. Alikosewa, na wataliongea. Lakini wataliongea wakijua yote. Muuguzi naye akiona jina lake kwenye mafunzo, anajua anakwenda kwa mtu anayemtaka apande, basi lile la mama wa kliniki halimwangushi. Anaingia bila kutetemeka. Na yeye ndiye aanze, kama Eliya alivyoanza.

Kikao kinachofuata kianze na yatokanayo, na hapa nasisitiza sana. Bosi afungue ukurasa wa mwisho aseme: "Ile nyumba, nilimwandikia mkurugenzi, sijajibiwa, nitamfuata Alhamisi." Hata jibu likiwa bado, hata likiwa haiwezekani mwaka huu, mtu amejua kwamba neno lake halikuanguka chini. Kinachowavunja moyo watu si kukataliwa. Wanavunjwa moyo na kusema jambo mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila mara bosi anashangaa kana kwamba analisikia leo.

Yako mambo hayaandikwi. Ugonjwa wako, mambo ya ndani ya nyumba yako, usiyaweke kwenye daftari ambalo mwingine anaweza kulifungua. Andika tu kwamba una jambo la binafsi, yatosha. Na wewe uliyeambiwa, ukilitoa nje umeua kitu ambacho hutakifufua. Mfanyakazi hatasema tena, na wenzake wote watajua kwa nini. Hata sisi wachungaji tujichunge tusichukue ya watu tuliyoambiwa pembeni tukayafanya mfano mimbarani.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitamke. Kiongozi mwanaume na mfanyakazi mwanamke, mlango umefungwa, pazia limeshushwa: hapana. Rushwa ya ngono ipo, sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inaitambua kuwa kosa, na mabinti wetu wengine wameanza kazi kwa kuiogopa ofisi kwa sababu hiyo. Kaeni mahali mnapoonekana na msiposikika. Chini ya mwembe wa zahanati panafaa, barazani panafaa. Yesu alizungumza na yule mwanamke Msamaria kisimani, mchana kweupe, na wanafunzi waliporudi waliwakuta pale pale. Na ukikaa na mtu aliyekuzidi umri, kijana wangu, cheo chako hakijaondoa shikamoo.

Najua jibu la wakuu wengi: hakuna muda. Mwenye kambi ataniambia kwamba kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wakiwa Mto Mara, wageni wamejaa na hakuna wa kuketi. Mwenye shule ana walimu wengi na yeye mwenyewe anafundisha. Musa alikuwa na shida hiyo, akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mkwewe Yethro alipomwambia atajichosha yeye na watu wake. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa kumi. Mkuu wa kumi anao watu anaoweza kuwajua kwa majina ya watoto wao. Basi mkuu wa shule asikae na wote, makamu achukue hawa na mtaaluma wale, naye akae na hao wawili. Nusu saa kwa mwezi kwa kila mtu haiangushi kambi wala shule. Mtu mzuri akiacha kazi msimu umepamba moto, hapo ndipo utaona muda unavyopotea.

Moyo wangu hasa uko kwa watu fulani, na ndio walionifanya nimkumbuke Eliya. Mwaka ukielekea Desemba, msimu wa ukeketaji ukikaribia, wapo wanaoanza kazi ambayo wengine hatuioni: maafisa ustawi wa jamii, askari wa dawati la jinsia na watoto, walimu wanaobisha hodi kwenye nyumba za wazazi jioni, walezi wa nyumba salama ya Mugumu na kituo cha Masanga wanaopokea mabinti waliokimbia usiku. Hawa hutukanwa na jamaa zao wenyewe. Wanasikia habari nzito mchana kutwa na kurudi nyumbani kupika. Januari tunawapongeza kwenye mikutano kwa idadi ya watoto waliookolewa, na pongezi ni haki yao. Lakini Karmeli ikishapita ndipo mretemu unapokuja. Anayewaongoza hao asingoje waombe. Awape kwanza kulala na kula, yaani likizo iliyo likizo kweli, kisha akae na mmoja mmoja aulize, na asikie hata kama ni yale yale ya mwaka jana.

Nanyi wafanyakazi, upande wenu wa ukurasa msiuache mtupu mkasubiri kuulizwa. Eliya alisema, tena mbele za Mungu mwenyewe, na alisema akiwa amekosea hesabu. Andika shida, lakini andika pia ulichokifanya kikafaulu, wazo ulilonalo la kazi, na mahali ulipokosea kabla hujakutwa. Usimfanye bosi wako abahatishe kilicho moyoni mwako halafu ukamhesabia kosa la kutojua. Yeye naye ana mkubwa wake anayemwita saa nane bila kumwambia sababu.

Kwenu wenye watu chini yenu, ombi langu ni moja. Kabla ya Jumapili ijayo mpelekee daftari mmoja wao, yule ambaye hujakaa naye siku nyingi. Mwambie siku, mwambie saa, mwambie na sababu, kisha mwache aujaze upande wake kwanza.